Mgeni Aliyewekwa Aive

Jirani yangu hapa Ijuganyondo bado huivisha ndizi zake shimoni. Vijana wake hawana subira hiyo, hununua vinywaji vya chupa, lakini yeye huchimba, hutandika majani makavu ya migomba, hupanga ndizi za pombe, huzifunika na kupuliza moshi kidogo ndani. Siku shimo linapofunuliwa, harufu huvuka ua na kunikuta barazani: utamu, moshi, na uchachu unaoanza kwa mbali. Wengine wakiisikia huwaza lubisi, pombe yetu ya ndizi. Mimi humwaza mtu. Humwona Ishengoma amelala kando ya meko yetu kule Muleba, amefunikwa hadi kidevuni, nami namchungulia nijue ameiva kiasi gani.

Wenzangu mliokulia enzi za Mwingereza mnaikumbuka nyumba ya msonge ilivyokuwa. Nyasi zimetandikwa chini, mbuzi upande mmoja, watu upande mwingine, na moshi unatafuta njia ya kutokea kwenye paa kwa muda wake wenyewe. Ndivyo ilivyokuwa nyumba yetu. Kuizunguka kulikuwa na kibanja, shamba la Tata, yaani baba yangu, migomba na mibuni imechanganyika, hata mvua ikinyesha ungeisikia juu ya majani kabla haijakulowesha.

Ishengoma hakuwa wa ukoo wetu. Alikuwa mkulima wa Kanazi, na yeye na Tata walijuana mjini Bukoba kwenye foleni ya kupimisha kahawa, wakagombana kwanza juu ya nani alitangulia, kisha wakanywa pamoja. Tangu hapo hakuna msimu uliopita bila yeye kututembelea na baiskeli yake. Alikuwa mtu wa utani mwingi. Aliniita "mkwe", ingawa hakuwa na binti, na Mama akimkumbusha hivyo alijibu kwa neno letu la heshima, "Nitamtafuta, waitu, hawezi kukosekana." Mkewe alikuwa amefariki. Alibaki na mtoto mmoja wa kiume wa rika langu, Kaijage, na kaka zake mwenyewe wawili waliokitazama kibanja chake kwa macho ya njaa.

Safari moja alikuja akiisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Mama alimtengea ndizi na samaki. Harufu tu ilimfanya atoke nje kutapika. Alisema viungo vyote vinamuuma na upande wa kulia chini ya mbavu kama kuna mtu amemkalia. Nilimfuata nyuma ya migomba, kama watoto tunavyofuata kila kitu, nikaona mkojo wake umekolea kama chai ya rangi. Kurudi Kanazi hakuweza. Mama akamtandikia majani makavu ya migomba, akaweka mkeka juu yake karibu na meko, akamfunika, kwa sababu mgonjwa alilalamika baridi.

Baada ya siku chache macho yake yakawa ya manjano. Kisha ngozi.

Nikaelewa. Hakuna aliyenieleza, na sikuhitaji kuelezwa, kwa kuwa niliwahi kumsaidia Tata kwenye shimo mara nyingi. Majani makavu chini, kifuniko juu, moto kidogo pembeni, moshi, kungoja. Ndizi iliyoingia kijani hutoka ya njano. Walikuwa wanamwivisha Ishengoma.

"Mama," nikauliza, "ataiva lini?"

"Nani?"

"Mgeni."

Mama akaniambia nikachote maji.

Kilichoninyima raha ni kile kinachofuata baada ya kuiva. Ndizi zikishaiva humenywa, humwagwa kwenye mtumbwi wa mti, na wanaume huzikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi mpaka zitoe maji yote. Nilimpenda Ishengoma. Nilimwendea Tata akipogoa migomba nikamwomba asimkanyage. Tata alidhani naahidi kutomkanyaga mgonjwa ninapopita, akanisifu kwa adabu yangu.

Habari zilifika Kanazi, na Kaijage akaletwa amwone baba yake. Hapa ndipo penye jambo ninaloliona aibu hadi leo. Nilijua, kama kila mtoto wa Uhaya anavyojua, kwamba ndizi moja mbivu ikiwekwa kati ya mbichi huziivisha zote. Huyu mtoto alikuwa ametoka kulala kifuani pa baba yake. Tulipokaa kula, nikasogeza mkono wake utoke kwenye jani la mgomba tulilotandaziwa ndizi na samaki.

"Wewe kula kwako," nikamwambia. "Utatuivisha."

Watoto wa jirani walilipenda neno hilo. Kabla ya jua kutua jina lake likawa Mbivu. "Mbivu, usitusogelee! Mbivu, umeanza kulainika?" Kaijage hakulia wala hakupigana. Alichukua chakula chake akaenda kula nyuma ya jiko, na kesho yake akaenda huko bila kuambiwa. Watu wazima waliona, na hakuna aliyemrudisha, kwa sababu nao walikuwa na hofu yao. Mama alikwisha kutenga kikombe cha mgonjwa, na bibi mmoja jirani alikuja kutusalimu akiwa amesimama mlangoni, mkono puani.

Ishengoma mwenyewe alikuwa anawaza mengine. Jioni moja alimwita Tata akae karibu naye. Nilikuwa nikichambua maharage na Mama, nikasikia yote.

"Munywani wangu," alisema, maana hivyo ndivyo walivyoitana, rafiki, "sioni kama nitaondoka kwenye mkeka huu."

"Utaondoka na utalipa chakula chetu."

"Usinichekeshe, panauma. Sikiliza. Nikifa, kaka zangu watalima kibanja changu na mtoto atachunga mbuzi wao. Wewe huwezi kuwazuia. Utawaambia wewe ni nani? Mtu niliyekutana naye kwenye mizani?"

Tata alisukuma ukuni ndani ya meko.

"Tufanye omukago," alisema Ishengoma. "Hapo utakuwa ndugu yangu, na mtoto wangu ni wako. Hakuna wa kubisha."

Kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze kidogo. Omukago ni udugu wa kuchanjiana. Watu wawili walichukua tunda moja la kahawa, ambalo ndani lina punje mbili zilizolala kifua kwa kifua kama pacha. Kila mmoja alichanjwa kwa wembe tumboni karibu na kitovu, punje ikapakwa damu yake, na mwenzake akaimeza. Baada ya hapo walikuwa ndugu kuliko waliozaliwa tumbo moja. Hawakunyimana kitu, hawakusalitiana, na watoto wa mmoja walikuwa watoto wa mwingine. Mapadri hawakupenda, na Tata alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, lakini mambo hayo yalifanyika kimya kimya katika nyumba nyingi zenye rozari ukutani.

"Baba Mugisha," Mama alimwambia Tata baadaye, akimwita kwa jina langu, "padri akisikia?"

"Padri hana mtoto wa kumwacha," Tata akajibu. Hivyo likawa limeamuliwa.

Aliyepinga kwa sauti alikuwa Byabato, mdogo wake Tata, na kwa bahati mbaya Byabato alikuwa mwongo anayejulikana. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na koti zito la kijeshi na hadithi zisizokwisha. Alituambia ameruka juu ya tembo. Alituambia huko mvua hunyesha kutoka chini kwenda juu. Sasa alikuja amekunja uso.

"Kaka, usichanjane na huyu mtu."

"Kwa nini?"

"Mimi nimeona kwa macho yangu. Hospitali ya jeshi, wanaume wazima wanapangwa foleni, wanadungwa sindano ile ile, mkono huu, mkono ule. Baada ya miezi, wengi wao manjano kama hivi. Daktari mmoja akatuambia ugonjwa unapita kwenye damu. Ukiingiza damu ya mgonjwa, umeingiza ugonjwa. Uko kwenye ini."

"Na yule tembo," aliuliza Tata, "naye alikuwa kwenye foleni?"

Hata mgonjwa alicheka, ameshika mbavu. Byabato alipaza sauti, akaapa kwa jina la mama yao, na kadiri alivyozidi kuapa ndivyo watu walivyozidi kucheka, kwa kuwa kwa tembo pia aliapa hivyo hivyo.

Sikucheka mimi. Mimi peke yangu katika nyumba ile nilimwamini Byabato, kwa sababu maneno yake yalilingana kabisa na elimu yangu ya shimoni. Ikiwa kula jani moja na Kaijage ni hatari, kummeza Ishengoma kungekuwaje? Tata angeiva. Angewekwa upande wa pili wa meko. Nilimtazama akinoa panga lake, mikono yake myeusi yenye nguvu, nikajaribu kuifikiria ikiwa ya manjano.

Siku ya omukago alikuja mzee mmoja wa ukoo wetu mwenye kuujua utaratibu. Ishengoma aliinuliwa akaketi, mgongo wake ukaegemea nguzo. Tata aliketi mbele yake, kifua wazi. Kati yao palikuwa na kikapu kidogo, ndani yake wembe mmoja na tunda moja la kahawa. Mzee alilishika tunda akalisemea maneno marefu ya kiapo: atakayemnyima mwenzake, atakayemkana mtoto wa mwenzake, buni hii imvimbie tumboni. Wote wawili wakaitikia. Kisha akalipasua kwa ukucha, punje mbili zikalala kikapuni, akanyoosha mkono kuchukua wembe.

Nilipita chini ya kwapa la Byabato. Sikuwa nimepanga chochote. Nilichukua punje iliyokuwa upande wa Tata, nikaitia mdomoni, nikaimeza nzima, utelezi wake na yote.

Mbuzi tu waliendelea kutafuna.

"Mugisha!" Mama alisema. Lilikuwa jina langu, lakini lilisikika kama jina la mtu aliyekufa.

Tata alinishika mkono. "Kwa nini umefanya hivi?"

"Sitaki uive," nikasema, kisha nikaanza kulia kwa nguvu kiasi kwamba sehemu iliyobaki haikueleweka.

Mtu alisema walete tunda jingine, mibuni si iko hapo nje. Mzee akatikisa kichwa. Tunda likishasemewa kiapo halibadilishwi. Kuleta la pili ni kusema la kwanza lilikuwa uongo. Ndipo Ishengoma, macho yake ya njano yakiwa na kicheko ndani yake, akaichukua punje iliyobaki, akaigeuza vidoleni, akaimeza bila damu.

"Imekwisha," alisema. "Maneno tumeyasema. Ya baba ameila mwana, nami nimekula yangu. Mkwe wangu alikuwa na njaa."

Tata alimtazama mzee. Mzee alisema hajawahi kuona jambo la namna hiyo, na kwamba hatasema ni omukago wala hatasema si omukago. Byabato aliuokota wembe akautia mfukoni mwa koti lake. Sikuchapwa. Usiku ule nilitembea tembea ndani ya nyumba nikingoja mbuni uote tumboni.

Ishengoma hakufa. Hamu ya chakula ilimrudia kwanza, kisha utani, na mwisho macho yake yakawa meupe, jambo lililonichanganya sana, kwa sababu sijawahi kuona ndizi ikirudi kuwa kijani. Alipanda baiskeli yake akaenda Kanazi na mwanawe nyuma.

Miaka mingi imepita nikielewa nusu nusu. Nilisoma hadi sekondari, nikajiona mjuzi, na bado nikiwa mtu mzima nilifanya kosa lile lile kwa namna ya kisomi. Shemeji yangu alikuja kwangu na macho ya manjano. Nikamtengea sahani, nikamtengea kikombe, nikajipongeza kwa usafi. Asubuhi akaniomba wembe wa kunyolea ndevu. Nikampa kwa ukarimu, kisha nikanyoa nao baada yake.

Nilikuja kusahihishwa nikiwa na mvi, siku nilipofuatana na mjukuu wangu kumpeleka mtoto wake chanjo. Nikamuuliza muuguzi sindano ile ni ya nini, akanijibu kwamba mojawapo ya kinga zilizomo ni ya homa ya ini. Nilikaa kwenye benchi nikamuuliza kila kitu, foleni ikanisubiri. Akaniambia homa ya ini si moja. Ipo inayopita mdomoni, kutoka choo hadi maji, kutoka mikono isiyonawiwa hadi chakula. Hiyo dawa yake ni choo kizuri, sabuni, na maji yaliyochemshwa. Nikaukumbuka mtumbwi wa kukanyagia ndizi na miguu yetu, nikacheka peke yangu. Na ipo inayopita kwenye damu: wembe, sindano, chale, kitanda cha mke na mume, mama kwa mtoto anapozaliwa. Hiyo haiambukizi kwa kula jani moja, wala kwa kusalimiana, wala kwa kulala kifuani pa baba. Wengi wenye nayo hawana macho ya manjano hata kidogo, wanatembea wazima, na kinachowatambulisha ni kupimwa damu tu. Ukipimwa ukakutwa huna, unachanjwa, hata kama ni mzee. Nilipimwa siku hiyo. Sikuwa nayo, na sikustahili bahati hiyo.

Ishengoma alikuwa na ipi? Sijui, na hakuna atakayejua. Baada ya kupona aliishi misimu kadhaa, akavuna kahawa, akatutembelea. Kisha tumbo lake likaanza kujaa maji huku mikono ikikonda, na safari hiyo hakuinuka. Hilo hunifanya nifikiri ilikuwa ile ya damu, ile inayojificha kwenye ini na kurudi. Ikiwa ndivyo, punje niliyoimeza ilimwokoa Tata. Ila sitaki kujivunia. Mtoto yule yule aliyemwokoa baba yake ndiye aliyemfukuza mwenzake kwenye chakula, kwa hoja moja, na katika hoja ile hofu ya damu ilikuwa ya kweli na hofu ya jani ilikuwa ya uongo. Nilimweleza Kaijage haya yote tukiwa wazee, tukila samaki kwenye sahani moja. Alisema, "Kwa hiyo ulihitaji sekondari, serikali ya kikoloni, uhuru na muuguzi ili ujue ningeweza kula samaki?" Hakusema amenisamehe. Alisogeza samaki upande wake.

Ishengoma alipozikwa, Tata alikwenda Kanazi akarudi na Kaijage kwenye baiskeli. Haikupita muda kaka wawili wa marehemu wakatokea kwetu Muleba, wamevaa kanzu safi na makoti. Walikunywa lubisi tuliyowapa, wakatafuna buni tunazowakaribishia wageni, wakasifu migomba. Kisha mkubwa akasema wamekuja kuchukua mtoto wao.

"Ni wangu," alisema Tata. "Baba yake na mimi tulifanya omukago."

"Tumesikia. Tumesikia pia mambo mengine." Yule mkubwa alifuta mdomo. "Tuonyeshe chale."

Tata alifungua shati lake. Wote tuliinama kutazama, ingawa sisi wa nyumbani tulijua. Tumbo lake lilikuwa laini, halina hata mkwaruzo.

"Hakuna," alisema yule mdogo.

"Hakuna," Tata alikubali. "Mtoto wangu alimeza punje yangu. Ishengoma akameza yake. Kiapo tulikisema wote wawili."

"Mimi nilikuwapo!" Byabato alisema kutoka mlangoni. Hakuna aliyegeuka.

Wageni walicheka, si kwa ubaya, kama watu walioshinda bila kutoka jasho. Kaijage alikuwa amesimama karibu na mtungi. Tayari alikuwa amefunga nguo zake kwenye kitambaa na kukishika kwa mikono yote miwili.

Tata hakupandisha sauti. "Mnasema kweli, damu haikutoka. Ishengoma hayupo tena. Lakini ninyi ni damu yake." Akanyoosha mkono kwa Byabato. "Lete wembe. Mugisha, kachume tunda moja. Mkubwa, kaa hapa mbele yangu tumalize leo. Tukishachanjana, sitakunyima kitu, nawe hutaninyima kitu. Chochote."

Sikwenda kuchuma. Byabato alitikisa kichwa kwa nguvu akishika mfuko wa koti lake. Hadi leo sijui kama Tata angefanya kweli. Niliona tu kwamba yule mkubwa ameacha kutafuna. Alimtazama Tata, akautazama mlango, na nadhani alikuwa anaona mbele yake maisha yake yote, huku mtu huyu akija Kanazi kuomba hiki na kile, ng'ombe, kibanja, mtoto, naye hawezi kusema hapana.

"Sisi," alisema mwishowe, "tulikuja hasa kumsalimia mtoto."

"Msalimieni," alisema Tata.

Wakamsalimia. Wakaaga. Tata aliwasindikiza mpaka mwisho wa migomba kwa heshima zote, akarudi akifunga vifungo. Kaijage alikuwa bado ameshika furushi lake.

"Waitu," alimwuliza Tata, "mimi nikuiteje?"

"Mugisha huniitaje?"

Kaijage alinitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Tata."

"Ee," Tata akaitika. "Weka hicho kitambaa chini ukafungue mbuzi."

Nilitoka naye kumwonyesha kamba ilipofungwa. Kufungua mbuzi ilikuwa kazi yangu tangu nilipojua kutembea, na nilifurahi kuwa na wa kuigawana naye.